Wanawake wa Kamba, Gerezani

Jino langu la mbele lilivunjwa na mpiga taipu. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiniona nikicheka huuliza, na wengi hudhani ni mume. Mume nilikuwa naye, na mkono mwepesi alikuwa nao, lakini jino hili si lake. Lilivunjwa bombani, uani mwa karakana yetu pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mwanamke aliyevaa soksi nyeupe, tukiwa tumetoka sote wawili kwenye mazoezi ya kuvuta kamba.

Karakana ilikuwa ya umma. Ilishona maturubai ya malori na ya mabehewa ya reli, na sisi wanawake ndio tulioyashona. Turubai ni gumu. Ukilishona mwaka mmoja viganja vyako vinakuwa vigumu kama nyayo. Wanaume walikata, wakabeba, wakatusimamia. Kila Mei Mosi viwanda na mashirika ya mjini vilishindana michezo, na karakana yetu, ambayo mpira haikuujua na mbio haikuziweza, ilikuwa na jina kwenye kamba ya wanawake. Jina hilo lilikuwa limeanza kuchakaa. Kikombe kilikuwa kinakwenda kwa wengine, na meneja alikuwa akitaniwa na mameneja wenzake mpaka akakoma kuja kazini akiwa na uso wa kawaida.

Ndipo akatukusanya ghalani akatoa ahadi. "Ndugu zangu," akasema, "kibarua yeyote atakayekuwa kwenye timu, na timu ikaleta kikombe, ataajiriwa moja kwa moja na kupewa kitambulisho."

Kwa mtu ambaye hakuishi Dar es Salaam wakati ule, neno kitambulisho halina uzito wowote. Ilikuwa imeamuliwa kwamba mjini hakai mtu asiye na kazi. Alfajiri askari na mgambo walizingira mtaa, Kariakoo hasa, wakadai kitambulisho cha kazi. Usiye nacho unapandishwa lori, unapelekwa kulima kijiji ambacho hujawahi kukisikia. Mwanamke asiye na mume wala kitambulisho hakupewa hata nafasi ya kujieleza. Walimwita malaya hapohapo mbele ya majirani zake, wakamshika wanapopataka, wakamtupa ndani ya lori.

Mimi nilikuwa kibarua. Nilikuwa nimeachika, naishi chumba kimoja na mama yangu kwenye nyumba ya kupanga karibu na soko la Kariakoo. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza usiku asitoke vidonda. Hakuwa na mtoto mwingine wala ndugu aliyebaki mjini. Nikipandishwa lori asubuhi, jioni mama angekuwa bado amelala palepale juu ya mkojo wake, akiniita. Hilo ndilo nililoliona kila nilipoishika kamba. Kikombe wangekitia uji, mimi sikuwa na haja nacho.

Kocha wetu alikuwa msimamizi wa mashine, mwanajeshi wa zamani, mfupi, shingo nene, sauti ya kukwaruza. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalonichukiza mpaka leo. Kamba aliijua. Alitufundisha kukaa chini, visigino ndani ya mchanga, mikono karibu na kifua, macho yasitazame upande wa pili. Alitufundisha kwamba watu wanane wakivuta kwa pumzi moja wanamng'oa yeyote, na kwamba mmoja akivuta kwa sifa zake, kidogo tu kabla ya wenzake, kamba inaruka na kuwachuna wengine. Kamba ilikuwa ya katani. Ikipita kwenye kiganja inakwenda na ngozi.

"Hapa sitaki mwenye nguvu," alikuwa akisema. "Mwenye nguvu aende sokoni akabebe magunia. Hapa nataka unyenyekevu." Alilipenda sana neno hilo. Alilitamka huku akijipiga pajani mkanda mweusi wa mota ya cherehani.

Mkanda ulikuwa na utaratibu wake. Aliyeachia kamba hakupigwa. Alisimamishwa pembeni, wima, akawatazama wenzake wakipigwa viganjani mmoja baada ya mwingine kwa ajili yake. Akigeuza uso, wanaongezewa. Sijaona kitu kinachofundisha watu kuchukiana haraka namna ile. Binti mmoja wa siku hizi aliniuliza kwa nini wanawake wazima, wengine wana wajukuu, walinyoosha mikono wapigwe na mwanaume mmoja mfupi. Nilimjibu kwa ukali, kisha nikaona haya. Swali lake lilikuwa la haki. Tuliokuwa vibarua tuliogopa lori, na walioajiriwa waliogopa kurudishwa ukibarua. Tulinyoosha mikono.

Mimi sikuwa nimeachia kamba hata siku moja. Nilikuwa mwembamba lakini mbishi, na mbishi hang'oki kirahisi. Kocha aliniweka wa mwisho kabisa, kamba ikinipita chini ya kwapa na kuzunguka mgongoni mpaka begani. Nafasi hiyo tuliiita nanga. Nilikuwa nimepigwa kwa makosa ya karibu kila mwanamke pale, na kila kipigo kilinizidishia majivuno. Nilitembea karakana nzima mabega juu.

Wa kwanza mbele alikuwa mama mmoja wa Kizaramo, mzito, mtu mzima, aliyetafuna tumbaku hata wakati wa kuvuta. Tulimwita Mama wa Mbele. Kila jioni nilimpa shikamoo na kila jioni aliniitikia marahaba, akinitazama kama mnunuzi anayemkagua samaki wa jana. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, kamba hii ni yetu sote. Wewe unaivuta kama umeinunua."

Nilinuna wiki nzima.

Mpiga taipu aliletwa kwetu mwanamke mmoja wa timu alipopata mimba. Alikuwa mwajiriwa, anakaa ofisini kwa meneja, mwanamke wa Kilimanjaro, mrefu, mabega mapana. Shuleni alikuwa akirusha tufe. Jioni ya kwanza alikuja na raba na soksi nyeupe, sisi wote pekupeku, na mkononi ana leso mbili safi za kushikia kamba.

"Leso za nini?" kocha akamuuliza.

"Mikono yangu ndiyo kazi yangu, ndugu kocha. Siwezi kupiga taipu na malengelenge."

Tukacheka kichinichini. Kocha akazichukua zile leso, akajifutia jasho la shingoni, akamrudishia. Akamweka wa saba, mbele yangu.

Mazoezini tulivutana na wanaume wa ghala, wapakiaji, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya karakana, kando ya reli. Filimbi ikalia. Tulikuwa hata hatujakaa sawasawa, kamba ikamng'ata mpiga taipu, akasema "Ai!" akaachia. Akatupa mikono hewani akaikung'uta. Kamba ikaruka, ikatuburuza kifudifudi, na mimi niliyekuwa nanga ikanichuna ngozi kuanzia kwapani mpaka mgongoni. Nilikula mchanga.

Akasimamishwa pembeni. Alisimama vizuri sana, kama mtu aliye kwenye foleni ya sukari na anajua zamu yake itafika. Mkanda ukapita kwetu. Uliponifikia mimi kiganja kilikuwa kimeshachunika, ukaingia palepale kwenye nyama. Tulipomaliza, mpiga taipu akatuambia, kwa sauti ileile anayoitikia simu ya ofisini, "Poleni sana."

Nilimsubiri bombani. Alipoinama kunawa uso nilimkamata nywele kwa mikono miwili nikampiga paji la uso kwenye bomba la chuma. Nilidhani atalia. Aligeuka na ngumi. Mtu aliyerusha tufe ana ngumi yake, jamani. Nikasikia jino likivunjika kabla sijasikia maumivu. Nikamng'ata sikio kwa meno yaliyobaki, akanibamiza ukutani, tukaanguka kwenye tope la bombani tukiwa tumeshikana makoo, damu yake machoni kwangu, yangu kwenye blauzi yake. Wengine walisimama wakitazama. Aliyetuachanisha ni Mama wa Mbele, kwa ndoo mbili za maji machafu, kama mtu anayeachanisha mbwa.

"Mmoja ananyongwa na kiburi cha kuachia," akasema, "mwingine cha kutoachia. Mtatumaliza."

Kesho yake kocha alipotuona, mmoja na nundu, mwingine na pengo, alicheka mpaka akakohoa. Hakutubadilisha nafasi. "Saba na nane, hivyohivyo," akasema. "Mtanusana migongo mpaka mzoeane."

Aliachia tena wiki ile, na wiki iliyofuata. Kila mara alisimama pembeni, kila mara tukapigwa. Lakini uso wake wa foleni ya sukari ulikuwa unabadilika. Siku ya mwisho kuachia, kocha alipompiga Mama wa Mbele, mpiga taipu alijikunja yeye, kana kwamba mkanda umempata tumboni. Sikumhurumia. Nilisema moyoni, onja.

Kisha akaacha kuachia. Wote walifurahi, wakadhani amezoea. Mimi niliyekaa nyuma yake ndiye niliyeona siri yake. Kabla ya filimbi, haraka, kama mtu anayerekebisha saa, alikuwa akiizungusha kamba mara moja kwenye mkono wa kushoto. Hilo ni jambo la kwanza mtu wa kamba anakatazwa. Kamba iliyozungushwa mkononi haichomoki tena. Ikikazwa na watu wanane upande huu na wanane upande ule, kinachokatika ni mkono.

Nikamwambia kisogoni, "Dada, utakatika vidole."

"Vidole ni vyangu."

"Na taipu utapiga na nini?"

Akaikaza kamba mkononi. Halafu akasema bila kugeuka, "Siwezi kusimama pale pembeni tena. Bora vikatike."

Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinikera sana, kwa sababu nilikuwa nimeshajipanga kumchukia mpaka Mei Mosi. Kocha naye aliona. Alipita ubavuni, akautazama ule mkono uliozungushwa, akaugusa kwa ncha ya mkanda. "Sasa unajifunza," akasema, akaenda zake. Yeye aliyetukataza siku ya kwanza! Nilitamani kumtemea mate.

Hata hivyo nisiseme uongo: tulikuwa tumeiva. Kuna jioni tuliwang'oa wale wapakiaji mpaka wa mbele wao akapoteza kaptula. Tulikuwa tumefika mahali ambapo sikusikia tena pumzi yangu peke yangu. Mgongo wa mpiga taipu ukijaa hewa, wangu ulijaa. Ukishuka, wangu ulishuka, na hivyohivyo mpaka kwa Mama wa Mbele na tumbaku yake. Niliupenda mgongo ule. Sikumwambia.

Mei Mosi tuliingia fainali na wanawake wa kiwanda cha sabuni. Walinukia sabuni kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakati madukani kipande cha sabuni kilikuwa cha kupangia foleni tangu alfajiri, na hilo peke yake lilitutia hasira ya kutosha. Mvuto wa kwanza tuliwachukua. Wa pili wakatuchukua. Ukabaki wa tatu.

Wa tatu haukutaka kuisha. Kitambaa chekundu katikati ya kamba kilisimama, watu wakapiga kelele, kikasimama bado. Kamba ilikuwa inalia kama kitanda kibovu. Polepole kitambaa kikaanza kuja kwetu. Kocha alikuwa amechuchumaa pembeni, mishipa ya shingo imemtoka, hasemi tena vuta. Alikuwa akisema, "Kitambulisho! Kitambulisho! Bado kidogo, kitambulisho!"

Ndipo nikauona mkono wa kushoto wa mpiga taipu. Kamba iliyozungushwa ilikuwa imeteleza kutoka kwenye kifundo ikafika vidoleni na kukaza. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe, kisha vikawa rangi nisiyoijua. Kisha ngozi ikaanza kutoka, polepole, kama soksi inavyovuliwa. Damu ilikuwa inadondoka kwenye paja langu. Na yeye hakupiga kelele! Aliendelea kuvuta. Pumzi yake haikupotea hata moja.

"Fungua!" nikamwambia. "Fungua, we mwanamke!"

Asingeweza. Kamba inafunguka mkononi ikilegezwa upande wa nyuma, na nyuma nilikuwepo mimi tu. Kitambaa kilikuwa kimebakiza shibiri moja kufika kwenye mstari wetu. Nilimwona mama yangu. Sisemi kwamba nilimfikiria. Nilimwona, na shuka lake, na mkono wake mzima ukipapasa kunitafuta. Niliikumbatia kamba nikavuta pumzi moja zaidi pamoja na wenzangu, na katika pumzi hiyo kidole kimoja cha mpiga taipu kikalia, mlio mdogo kama wa kuvunja njiti ya kibiriti.

Nikaitoa kamba begani, nikaiachia.

Nilimwangukia mgongoni, nikamkamata mkono, nikaichomoa ile kamba kwa kucha na meno huku sote tunaburuzwa. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilikuwa namtukana yeye, mama yake na Kilimanjaro yake yote. Mbele yetu wenzetu walikuwa bado wanavuta, hawajui nanga imeondoka, na wanawake wa sabuni wakawabeba kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Filimbi ikalia. Watu wa upande ule wakaruka.

Kocha alitutoa uwanjani. Alitupeleka nyuma ya ukuta wa vyoo, akatupanga, akautoa mkanda.

"Nanga ameachia," akasema. "Nanga atatazama."

Nikasimama pembeni. Sikuwahi kusimama pale. Mwili wangu mzima ulikuwa na michubuko lakini hakuna aliyenigusa, na nilitamani mtu anipige, yeyote, kwa chochote. Wenzangu wakanyoosha mikono. Vibarua walikuwa wanalia kabla ya kufikiwa, na si kwa ajili ya mkanda. Kila mmoja alinitazama usoni. Mama wa Mbele alipigwa viganja vyote viwili, akatema tumbaku yake miguuni kwa kocha, akaniambia, "Tazama vizuri. Usigeuze uso." Sikujua kama ananitukana au ananifundisha. Nilitazama. Nilikumbuka jinsi nilivyosema moyoni, onja, na nikaonja mimi.

Mpiga taipu alikuwa wa mwisho. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kanga, na kanga ilikuwa imelowa mpaka inadondosha.

"Mkono mzima," kocha akamwambia.

Akanyoosha mkono wa kulia, wazi, vidole vimekazwa.

Sikumbuki kutoka pale nilipokuwa. Nakumbuka mkono wa kocha mdomoni mwangu na ladha yake ya grisi. Alipopiga yowe nikaunyakua mkanda nikamchapa nao usoni, nyusi ikapasuka, nikamchapa tena shingoni, na nadhani ningemuua. Lakini alikuwa mwanajeshi. Ngumi moja ya tumbo ikanikalisha, halafu akanipiga mateke, mbavuni, mgongoni, kwenye nyonga, kwa utaratibu, bila haraka, kama mtu anayetwanga. Wanawake wote walisimama palepale ukutani. Wanawake wenye viganja vile! Hakuna aliyeinua hata kidole. Mbavu zilinipona baada ya muda, lakini kusimama kwao kulinikaa moyoni, nikalala nako na kuamka nako. Jioni ileile mlinzi wa getini aliambiwa asinifungulie tena.

Mama alihitaji kula. Nikaanza kukaanga mihogo na kuiuza alfajiri pembezoni mwa soko, karai miguuni, macho pande zote mbili za barabara. Nilijua kukimbia. Lakini huwezi kukimbia na karai la mafuta ya moto, na siku waliyozingira mtaa wetu nilipoteza muda nikilifikiria karai. Mgambo mmoja alilipiga teke, mafuta yakanirukia mguuni, mwingine akanishika shingo.

"Kitambulisho."

"Sina, kaka yangu. Mama yangu amepooza, yuko chumbani peke yake, nyumba ile pale, nenda ukaangalie kwa macho yako, nakuomba."

"Kila malaya wa Kariakoo ana mama mgonjwa," akasema, na wenzake wakacheka. Nikampiga kofi. Wakanipiga rungu la goti, wakaninyanyua, wakanitupa ndani ya lori juu ya watu wengine. Nikanyanyuka nikaning'inia ubavuni mwa lori, mkono mmoja nje, nikataja nyumba yetu kwa sauti, nikaitaja tena na tena, kila mpita njia nikimwambia mlango ni wa pili kulia. Watu walipita wameinamisha vichwa. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa anahesabu mfuko wake kama kitambulisho kipo.

Ndipo nikasikia wimbo wa mchakamchaka. Baada ya kushindwa Mei Mosi meneja alikuwa ameagiza timu ya kamba ikimbie kila alfajiri kabla ya kazi, kutoka Gerezani mpaka sokoni na kurudi, iwe adhabu na iwe nidhamu. Walikuja kwa mstari mmoja, miguu inagonga pamoja, kocha ubavuni na filimbi na plasta kwenye nyusi. Waliniona. Kocha aliniona kabla yao, akapuliza filimbi. "Mbele tazama! Mguu!"

Wakapita. Nasema wakapita kweli, migongo yao nikaiona yote, wa mwisho akiwa yule mrefu mwenye bandeji. Nilitaka kuwatukana.

Mama wa Mbele akasimama. Wa nyuma yake wakamgonga, wakasimama nao. Akageuka, akaja mpaka kwenye lori na uzito wake wote, akautazama mkono wangu ulioning'inia, akaushika kwa mikono miwili kwenye kifundo. Nyuma yake mwingine akamshika kiuno, na mwingine, na mwingine, wakiwemo vibarua ambao, kama mimi, kitambulisho hawakuwa nacho, na askari wamejaa mtaa mzima. Mpiga taipu akaenda nyuma kabisa, nafasi ya nanga, akazungusha mkono wake mzima kwenye kiuno cha mwenzake na kukita visigino kwenye tope.

Mgambo wawili wakanikamata ndani ya lori, mmoja gauni, mmoja mkono mwingine. Kocha alikuwa anapuliza filimbi bila kukoma. Rungu likaanza kuwashukia waliokuwa karibu, nikaona damu kwenye kilemba cha Mama wa Mbele.

"Sasa!" akasema.

Nikaisikia ile pumzi. Safari hii sikuwa nyuma yake. Ilikuwa inakuja kwangu, na mimi ndiye kamba. Lori likawashwa. Pumzi ya pili gauni likachanika. Ya tatu bega langu la kushoto likatoka mahali pake, nikausikia mfupa. Mkono huo mpaka leo hauinuki, na mama nilimwogesha kwa mkono mmoja miaka yote aliyobakiwa nayo. Lakini pale juu sikujua kama kutakuwa na miaka. Nilijua maumivu tu. Niliwalilia waniachie. Niliwatukana mmoja mmoja, nikamtukana hata Mama wa Mbele niliyekuwa nampa shikamoo, nikapiga kelele kwamba nakufa, niachieni, nakufa. Hakuna aliyeniachia.